Kutabiri muda wa mshindi wa kuogelea: usiuvute mstari mbali na data yako

Mpwa wangu yuko fomu 4, anapenda hesabu na anapenda maji, jioni utamkuta Forodhani, ufukweni hapa Unguja, anaruka ukutani na wenziwe. Juzi kaja na laptop, "Mjomba hebu angalia, mstari wangu umekataa." Kachukua muda wa washindi wa Olimpiki, mita 100 fristaili (mtindo huru) wanaume, 1948 mpaka 1972, kautia kwenye Excel, kachora vidoti kapitisha mstari. Sekunde zinashuka kutoka 57.3 mpaka 51.22 za Mark Spitz, mstari wenyewe unateremka sekunde 1.09 kila Olimpiki, na vidoti vyote viko karibu na mstari. Kisha kauvuta mpaka Paris 2024, ukampa sekunde 37.08. Pan Zhanle kashinda kwa 46.40, tena rekodi ya dunia!

Kosa hilo hata mie nililifanya nilipoanza rigresheni (hii hesabu ya kupitisha mstari kati ya vidoti), na linasumbua kwa sababu hesabu yenyewe haina kasoro. Mstari ule ule ukiuuliza 1976 unakwambia 50.21, na Jim Montgomery aliogelea 49.99, karibu kabisa. Hatua moja mbele umepatia, hatua 13 mbele umepotea. Mwili wa mtu una kikomo, mstari hauna, ukiuachia tu basi karibu na mwaka 2160 unafika sifuri.

Jengine, yajue maji yaliyotoa hizo namba. Athens 1896 Alfréd Hajós alishinda kwa dakika 1 na sekunde 22.2 lakini aliogelea baharini, na sie watu wa Unguja tunajua mita 100 za baharini maji ya bamvua (yale ya kujaa na kupwa kwa nguvu) yakitembea si sawa na mita 100 za bwawani, kwa hiyo kidoti hicho mie nakitoa. Halafu kuna zile nguo za plastiki za 2008 na 2009, zilimfanya mtu aelee juu zaidi, zikapigwa marufuku kuanzia 2010, ndo maana mshindi wa 2012 (47.52) yuko nyuma ya wa 2008 (47.21). Usipojua habari hiyo utadhani watu wameanza kuchoka.

Tukafanya upya kuanzia 1984 mpaka Tokyo, tukihesabu Olimpiki badala ya miaka maana ya Tokyo ilisogezwa mpaka 2021. Safari hii mteremko ni sekunde 0.27 tu kila Olimpiki, robo ya ule wa mwanzo, na Paris ikatoka 46.71. Tumekosea kwa 0.31. Tukaongeza na Paris yenyewe, Los Angeles 2028 ikaja 46.33, lakini namba hiyo usiiandike peke yake hata siku moja, rudi kwanza uangalie kila kidoti kimeuacha mstari kwa kiasi gani. Kwetu 1988 na 2008 mstari ulikosea zaidi ya nusu sekunde, basi andika 46.3, na nusu sekunde au zaidi kidogo huku na huku. Wengi hapa ndo wanapopita haraka, na mie naona ndo kazi yenyewe ilipo.

Sasa hivi anawapimia wenziwe kwa simu pale Forodhani, nimemwambia kila muda anaouandika aweke na hali ya bahari pembeni, maji yanajaa au yanakupwa.