Mwanangu, kuhusu ile laki nne

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mama yako kanisomea ujumbe mara mbili, maana miwani yangu bado iko kwa fundi. Unauliza: watoto watatu, nguo, viatu, na yule wa kwanza anataka kishikwambi, jumla laki nne, je, kwa Idi moja si nyingi? Na sisi tulikuwa tukitumia ngapi?

Zaka ya Fitri umeshatoa? Naanza hapo kwa sababu katika sikukuu nzima hicho ndicho kilichowekewa kipimo: pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu za mchele, na imfikie maskini kabla ya sala. Nyinyi mko watano, hesabu nyepesi. Mengine yote hayana pishi. Kila mtu hupima kwa jicho la jirani.

Nami nilipima hivyo, mwaka 1987. Zama za foleni zilikuwa zimetupita; tangu 1984, watu waliporuhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao za kigeni, vitu vilianza kurudi madukani hapa Tanga. Mshahara wa karani wa bandarini ndio haukurudi. Wewe ulikuwa na miaka sita. Mtoto wa nyumba ya pili, pale Barabara ya Tisa, aliletewa gari la betri na mjomba wake baharia, ukawa unakwenda kulitazama umefumba mikono mgongoni, maana ulikatazwa kugusa. Ile mikono! Laiti ungelia ningekukaripia, yakaisha.

Nikakopa kwa mwenye duka. Gari likaja, jekundu, tena lina taa. Asubuhi ya Idi lilikimbia ukumbini mpaka pilau lilipoandaliwa, likanyamaza. Betri nne, kwisha. Na mchana huo huo mwenye duka akaja kutupa mkono wa Idi. Alikaribishwa, akala, akanawa, kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana, ile yetu vipi?" Mbele ya wakwe zangu. Babu yako mzaa mama akaendelea kutafuna, na mimi naona kinywani hamna kitu.

Deni nilikuja kulimaliza karibu na Idi Kubwa, siku sabini hivi. Gari halikuonja betri nyingine. Wewe ukalifunga kamba ya mkonge, ukalivuta mtaa mzima ukinguruma kwa mdomo, na kila mkija huku unawasimulia wanao habari za kamba, mnacheka. Mimi nacheka nanyi. Lakini wewe wakumbuka kamba. Mimi namkumbuka mkwe wangu anatafuna hewa.

Kwa hiyo nilikosea? Mama yako husema ndiyo, tena haraka. Mimi nami husema ndiyo, halafu nakumbuka ulivyoamka alfajiri ile kabla ya adhana, ukalikuta limekaa juu ya kanzu yako mpya, ukaniuliza, "La kwetu?" Neno hilo sijui bei yake. Hapana, naijua, nililipa kwa mafungu matano. Na ningelipa tena. Hapo usinijibu, najua utakachosema.

Mengine hayana pishi, nimeshakwambia.

Sasa hiyo laki nne. Mama yako kanikataza kusema, anadai wewe ni mtu mzima na mshahara ni wako. Basi sisemi. Ningetaka tu kujua kama ni fedha iliyoko mfukoni mwako au ni ya mtu, kwa kuwa kama ni ya mtu... Ananitazama. Nimenyamaza.

Ila ukifika dukani, uliza chaja imo ndani ya boksi au inauzwa peke yake.

Baba yako