Mkataba mahiri umelipa kupita kiasi: je, fedha zinadaiwa?

Swali: Wakili, habari za kazi. Kampuni yetu humlipa mkandarasi mmoja kwa etha (sarafu ya kidijitali) kupitia mkataba mahiri, yaani programu inayolipa yenyewe, ulioko kwenye blokucheni, daftari la kidijitali la miamala. Mwezi uliopita programu ilisoma bei isiyo sahihi, ikamlipa mara kumi ya stahili yake. Anasema msimbo, yaani maagizo ya programu hiyo, ndio mkataba na muamala haufutiki. Ndiyo tumeshapoteza?

Jibu: Hapana. Ni kweli muamala haufutiki, lakini hilo halimfanyi kuwa mwenye haki ya kubaki na fedha hizo.

Kitu cha kwanza ambacho ningeomba kukiona ni makubaliano yenu ya maandishi. Kama ipo hati, hata barua pepe, inayotaja kiasi cha malipo, basi msimbo ulikuwa njia tu ya kulipia, na kilichozidi kinadaiwa kama fedha zilizolipwa kimakosa. Hapo mna hoja nzito.

Kama hakuna chochote nje ya msimbo, kazi ni ngumu. Mwaka 2017, kwenye soko la sarafu za kidijitali la Quoine la Singapore, programu ya kampuni ya B2C2 iliuza etha kwa takriban Bitcoin 10 kila moja, kiasi cha mara 250 ya bei ya soko. Quoine ikabatilisha mauzo hayo yenyewe. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Singapore ilisema kwamba programu haina nia. Kinachotazamwa ni alichokijua aliyeiandika. Mwandishi yule aliweka bei ya 10 kama tahadhari tu, bila kujua kwamba kuna anayekosea, hivyo Quoine ikashindwa. Kwa hiyo, chunguzeni mapema: nani aliandika msimbo wenu, na mkandarasi alijua nini?

Mahakama haiwezi kuandika upya blokucheni, ila inaweza kumwamuru mtu arudishe kwa muamala mpya. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikubali kwamba Bitcoin ni mali, ikatoa zuio dhidi ya sarafu zilizofuatiliwa hadi kwenye soko la kubadilishia. Nyinyi mna nafuu: mdaiwa wenu mnamjua kwa jina.

Daini etha zenyewe, na kama mbadala, thamani yake kwa fedha, kwa sababu bei itapanda na kushuka kabla ya hukumu. Mwambieni mhasibu asiandike hasara kwa haraka. Kwanza azungumze na mkaguzi.

Leo hii hifadhini namba ya muamala, toleo la msimbo lililokuwa likitumika na kumbukumbu za bei iliyosomwa. Kisha mpelekeeni barua ya madai kabla hajazihamisha.