Nyatiti ya kwanza: anza na ngozi

Mdogo wangu, umeuliza ununue nyatiti, kile kinubi cha Waluo kilichowambwa ngozi, ya aina gani hapa Kisumu, na mbona ile uliyoazima haishiki sauti hata nusu saa.

Usihadaike na rangi wala shanga. Gonga ngozi kwa kidole: ikilia kavu kama ngoma, sawa; ikitoa sauti ya kadibodi lililolowa, iache hapohapo. Kisha tazama ule mti wa juu unaofungiwa nyuzi. Ukiwa na ufa, hata mdogo, utakusumbua daima.

Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni mshipi wa nailoni, uleule wa wavuvi. Nunua wa unene mbalimbali. Mnene kwa sauti nzito, mwembamba kwa nyembamba. Mimi nilianza kwa kufunga unene mmoja nyuzi zote, za sauti nzito zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Hiyo uliyoazima nadhani ina nyuzi mpya tu. Nailoni mpya hunyumbuka siku kadhaa, kwa hivyo vuta kila uzi katikati polepole, kaza, rudia. Kukaza ni kuzungusha ule mviringo wa kitambaa unaoshika uzi kwenye mti wa juu, kidogo kidogo, ukisikiliza. Anza na uzi unaolingana na sauti yako ya kuimbia, nyingine zifuate huo.

Mvua ikinyesha ngozi hulegea. Ianike juani dakika chache, isizidi, itapasuka.

Gara, zile njuga za mguuni? Ngoja kwanza vidole vizoee.