Klachi haikati? Weka spana chini kwanza

Kijana unayeanza kazi ya matrekta, hili nakwambia kwa sababu mimi liliniumbua. Mzee mmoja wa Muheza, mkulima wa machungwa, aliniita nikamtazamie Massey Ferguson 135 yake. Lilikuwa limelala chini ya mwembe tangu masika. Injini ikawaka bila shida. Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia: krrrr! Sikuuliza, sikuchungulia. Nikaomba magogo na jeki, tukalitenganisha trekta katikati. Siku nne! Tulipofungua, pleti, yaani sahani ya klachi, nzima, bado nene, imeshikwa tu na kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mzee akainama, akatazama, akasema, "Mwanangu, kwani hili halikutaka kuvutwavutwa tu?" Nikajifanya natafuta spana.

Huku kwetu pwani unyevu hauishi, na chombo kikikaa miezi bila kuwashwa, chuma kinashikana na pleti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye trekta ni hili: lilisimama lini? Kama jana lilikuwa linalima na leo haliingii gia, usilaumu kutu.

Tena usichanganye maneno. Klachi inayoteleza ni ile injini inanguruma na trekta haliendi. Klachi isiyokata ni ile umekanyaga hadi chini na gia boksi bado inazungushwa. Ni magonjwa mawili, na dawa ya moja ni sumu kwa lingine. Nimewahi kumkuta mtu anamimina dizeli kwenye nyumba ya klachi ili "ilainike". Pleti ikanywa mafuta, kutu ikaachia, na klachi ikaanza kuteleza. Akanunua pleti mpya.

Anza na pedali. Isukume kwa mkono: itakwenda kwa ulaini kidogo, kisha itakuwa nzito. Ule ulaini ukiwa mwingi mno, mguu wako unafika chini kabla klachi haijaachia. Rekebisha fimbo ya pedali, tazama na pini zilizolika. Na kama klachi ni ya hatua mbili, ujue nusu ya pedali inakata mwendo, na kukanyaga hadi mwisho ndiko kunakosimamisha shafti ya nyuma inayozungusha mashine.

Pedali ikiwa sawa, pasha injini moto kisha uizime. Kanyaga klachi hadi chini, ibane kwa kipande cha mbao kati ya pedali na kiti, lala. Asubuhi, injini ikiwa imezimwa na mbao ikiwa palepale, weka gia kubwa, tafuta watu wanne wenye nguvu, sukumeni mbele, rudisheni nyuma, kwa vishindo. Mara nyingi utasikia "tak!" na trekta linakuwa jepesi ghafla. Wapo wanaowasha injini likiwa kwenye gia, wakaenda nalo shambani wakipiga breki huku wamekanyaga klachi. Linafanya kazi, sikatai, lakini trekta linaruka palepale linapowaka, na breki za matrekta haya ya zamani unazijua. Mwanafunzi wangu simruhusu.

Ikishindikana ndipo ufungue. Hapo usitazame pleti peke yake. Kuna beringi ndogo katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Ikikwama, shafti inazunguka na injini hata klachi ikiwa imeachia, na utabadilisha pleti mara tatu bila kupona. Angalia pia meno ya shafti, pleti iteleze juu yake bila kukwama. Grisi ni ya kupaka tu, si ya kujaza. Vumbi la pleti za zamani usilipulize kwa kompresa, kwani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Ukirudisha, iweke pleti katikati sawasawa kwa shafti kuukuu kabla ya kukaza, na boliti kaza kwa kukabiliana, kidogo kidogo.

Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini mimi kwa yule mzee nilihesabu siku nne nikila machungwa ya bure kwa aibu. Nilipopita tena vuli, trekta lilikuwa chini ya mwembe uleule, pedali imebanwa kwa mbao, na juu ya kiti amelala paka.