Chumvi katika Tangi la Samaki wa Maji Baridi: Kiasi Gani, na Lini?

SWALI: Ninafuga guppi na samaki wa dhahabu katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 40. Wiki hii wameota vidoa vyeupe kama chenga za chumvi, nao wanajisugua kwenye changarawe. Aliyeniuzia alinishauri nitie konzi ya chumvi kila ninapojazia maji yaliyopungua. Je, ni salama? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Chumvi inafaa, ila kuitia kila unapojazia hakufai hata kidogo. Maji hupanda kwa mvuke, chumvi ikabaki yote tangini; ukiongeza konzi juu ya konzi, ukali hupanda pasipo wewe kujua. Yaliyokauka hujazwa kwa maji matupu, na chumvi hurudishwa kwa yale tu uliyoyateka na kuyamwaga.

Dalili ulizozitaja zinaelekea ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kikiwa ndani ya ngozi ya samaki, chumvi haikifikii. Hudhurika baada ya kudondoka na kujigawa kwenye changarawe, pale vitoto vyake vinapoogelea kutafuta samaki wa kuingia. Ndiyo maana tiba huendelezwa kwa siku 10 hadi 14, hata kama samaki wameonekana safi mapema.

Sasa hesabu. Tangi lako ni la lita 72, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 60. Kwa gramu 2 kwa kila lita utahitaji gramu 120, uzipime kwa mizani, kwa kuwa konzi ya chumvi ya mawe na ya chumvi laini hazilingani. Zitie kwa awamu tatu za gramu 40 katika muda wa siku moja na nusu, ukizikoroga kwanza kwenye jagi la maji ya tangi hilohilo, kwani chenga isiyoyeyuka humchoma samaki. Ukibadilisha lita 15, rudisha gramu 30. Chumvi ya jikoni yenye madini joto haina neno, mradi haina viungo.

Guppi na samaki wa dhahabu huistahimili. Mimea laini huungua, basi ihamishe. Kambare wadogo wa mapambo wakiwamo, usizidi gramu 1 kwa lita. Pampu ya hewa isizimwe, na samaki wakianza kuhema juujuu au kulala ubavu, badilisha nusu ya maji papo hapo. Tiba ikiisha, punguza chumvi kwa kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku chache bila kuirudisha.