Jibu: Linux kwenye kompyuta ya zamani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sisi wakongwe tunang'ang'ania Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Windows), na kama kompyuta yako yenye RAM ya GB 4 itaimudu. Itaimudu, hasa ukiweka Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, pamoja na Xfce, yaani programu ya mwonekano wa skrini na madirisha, ambayo ni nyepesi. Hapa Mafinga, ambako bando huisha kabla ya mwezi, ninachokithamini zaidi ni kwamba mimi ndiye ninayeamua lini masasisho yapakuliwe, na flashi moja hutosha kusakinisha mashine zote za ofisini bila kununua leseni. Debian ipo tangu mwaka 1993 na bado inatunzwa. Kero ni printa, kwani baadhi hugoma kabisa. Kwa hiyo washa kompyuta kutoka kwenye flashi yenye Debian, uchapishe ukurasa mmoja, kabla hujafuta chochote.