Ada ya televisheni Uingereza: mie nimeilipa, na nasema inastahiki

Assalaam aleikum. Swali la ndugu yetu ni hili: kaka yake yuko London, analipishwa ada ya televisheni inayokwenda BBC, na yeye BBC haiangalii, anaangalia mpira wa Sky tu, televisheni ya kulipia. Je, hiyo si dhulma? Akauliza tena, itakuwaje ZBC, shirika letu la utangazaji la Zanzibar, nayo ikianza kututoza? Mie niliishi Leicester, mji wa Uingereza, miaka mingi kabla ya kurudi Wete, Pemba, na ada hiyo nikiilipa mwenyewe kutoka kwenye mshahara wa kazi ya ghala, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ile si ada ya kuangalia BBC. Ni leseni ya kuangalia televisheni wakati matangazo yenyewe yanapokwenda hewani, chaneli yoyote iwayo, kwa chombo chochote, hata simu. Na ukitumia iPlayer, huduma ya vipindi vya BBC kwenye intaneti, unaihitaji pia. Kwa hiyo mpira wa Sky unamuingiza kaka yako moja kwa moja. Angekuwa anaangalia filamu za Netflix peke yake asingedaiwa. Redio haidaiwi kitu tangu mwaka 1971.

Kuanzia Aprili 2025 bei ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kwa nyumba nzima, wakae watu wawili au kumi. Kwa shilingi zetu ilikuwa kama laki sita, na mtu akiisikia akiwa Konde lazima ashtuke. Lakini mshahara wa kule nao ni wa kule. Ukiigawa kwa miezi ilikuwa haifiki pauni 15. Bili yangu ya simu ilikuwa inaishinda.

Nilipata nini? Wengi watakutajia tamthilia na vipindi vya wanyama. Mie nitakutajia Radio Leicester. Ndiyo redio ya mwanzo ya mji ambayo BBC iliifungua, mwaka 1967. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi Uganda, na maelfu yao wakaelekea Leicester. Hawakukaribishwa: halmashauri ya mji ilifika hadi ya kutoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije. Wakaja, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Mwaka 1976 redio ile ikaanzisha kipindi cha jioni kwa ajili yao, kipindi kikakua mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo ilipozaliwa Asian Network, ambayo leo inasikika nchi nzima.

Hebu niambieni, kampuni gani ya biashara ingefanya hivyo wakati ule? Nani angelipia tangazo la sabuni kwenye kipindi cha wakimbizi waliofika na sanduku moja? Kazini nilikuwa na wazee waliotoka Kampala na Kisumu, Kiswahili chao hakijapotea, tukikaa pamoja wakati wa chai. Waliniambia kwamba redio ile ndiyo iliyowafanya wajione na wao ni watu wa mji. Na fedha iliyoiendesha ilitoka kwenye ada, pamoja na ada za wale wale waliotaka wasije. Kwangu mie thamani ya ada iko hapo. Inamfikia mtu ambaye soko halina haja naye, mchache, masikini, mgeni. Watoto wangu nao wamekulia kwenye CBeebies, chaneli ya BBC ya watoto wadogo, na hawakuuziwa tangazo hata moja la pipi wala la mwanasesere.

Na sisi huku tumefaidika pia, ingawa hatulijadili hilo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957. Kwa miaka mingi idhaa za dunia zililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha Aprili 2014 mzigo ukahamishiwa kwenye ada, na baadaye Serikali ikarudi kuchangia sehemu. Maana yake ni kwamba bibi wa Micheweni anapofungulia Dira ya Dunia, kipindi cha habari cha idhaa hiyo, jioni, dereva wa basi wa Leicester ambaye hajui Micheweni iko wapi amechangia. Nilipokuwa nalipa niliijua habari hiyo, na ilinifurahisha. Ilinisikitisha pia Januari 2023 redio ya BBC ya Kiarabu ilipofungwa ili kubana matumizi, baada ya kutangaza tangu 1938. Marehemu baba alikuwa haikosi.

Sasa niseme linaloniuma, maana sitaki mdhani naipamba. Tajiri wa London analipa ada nzima, na mama anayelea watoto peke yake kwa mshahara wa kufagia maofisi analipa hiyo hiyo. Hilo si haki. Asiyelipa anashitakiwa kwa kosa la jinai, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Na katika wanaotiwa hatiani, zaidi ya saba katika kila kumi ni wanawake, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokuwepo nyumbani mkaguzi anapobisha hodi. Wazee wa miaka 75 na zaidi walikuwa hawalipi, lakini tangu Agosti 2020 msamaha umebaki kwa wale tu wanaopokea nyongeza ya pensheni ya watu wa kipato cha chini.

Isitoshe, ile kauli kwamba ada inaliweka shirika mbali na Serikali ni kweli nusu. Anayepanga kiwango ni Serikali. Mwaka 2022 iliamua ada ibaki pauni 159 kwa miaka miwili, na bei za vitu vyote zikipanda. Kilichofuata ni hiki: mwaka 2023 redio za BBC za miji zikaanza kugawana vipindi vya mchana, mji mmoja ukisikiliza habari za mji mwingine. Wakubwa wa London hawakukosa chaneli zao.

Ufaransa waliifuta ada yao mwaka 2022. Ujerumani kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi, iwe na televisheni au haina. Walionipendeza mie ni Finland: tangu 2013 wanalipa kodi inayokwenda na kipato cha mtu, ina kikomo juu, na mwenye kipato kidogo sana halipi kabisa. Hawahitaji mkaguzi wa kugonga milango.

Tuje kwetu. Msisahau kwamba televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walikaa bila televisheni mpaka 1994. Redio ndiyo usiseme. Matangazo ya vifo tunayasikiliza nyumba nzima kimya, maana ndiyo yanayotwambia maziko ni wapi na saa ngapi. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024 na boti zikasimamishwa, mvuvi aliyeko dago, kambi ya wavuvi, asiye na bando alihitaji redio, si kingine. Huduma hiyo hakuna king'amuzi cha kulipia kitakachomletea.

Kwa hiyo sipingi Mzanzibari kuichangia redio yake. Ila naogopa njia itakayokuwa nyepesi. Italia tangu 2016 ada inakatwa kwenye bili ya umeme, na wakwepaji wamepungua sana. Hapa mtu atasema tufanye vivyo hivyo kwenye Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Kiufundi itawezekana, lakini mjane mwenye taa mbili kijijini Makangale atakatwa sawa na hoteli ya kitalii ya Nungwi, na huyo mjane pengine hana hata televisheni. Ikija, ije kwa kipato, na hoteli zianze. Fedha iende kwenye shirika moja kwa moja kwa sheria, hesabu zitangazwe kila mwaka, Pemba ijue fungu lake, na wakati wa uchaguzi kila mgombea apate muda wake hewani sawasawa. Bila ya hayo mie siungi mkono, nitasema wazi popote nitakapoulizwa.

Kaka yako mwambie asiache kulipa huku akiendelea na mpira, atajitia matatani. Anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi kupitia benki. Kama anaishi na mzee aliyefika miaka 75 na anayepokea ile nyongeza ya pensheni, waombe leseni ya bure kwa jina la mzee, nayo itaihudumia nyumba nzima. Kama mzee haoni, ni nusu bei. Na siku akiacha mpira akabaki na filamu za kuchagua mwenyewe, aandike taarifa kwamba haihitaji tena leseni, na akiwa amelipa mbele aulizie kurudishiwa ya miezi iliyobaki.